Rekodini nyimbo za marehemu mapema
Ndugu mliofiwa, kabla ya arobaini kwisha na watu kutawanyika kutoka kihambani, yaani shamba la nyumbani la ukoo, kaeni na wazee jioni moja mwimbe nyimbo alizozipenda marehemu, na mmoja wenu arekodi kwa simu, kwa sababu wimbo, naamini, hurudisha uwepo wa mtu kuliko picha, na hata mzee aliyeanza kusahau majina ya wanawe mara nyingi bado huimba beti nzima. Sisi hapa Moshi tulimrekodi mama mdogo akiimba sauti ya pili, akisita pale pale marehemu mama alipokuwa akivuta pumzi. Kila Desemba, familia ikirudi Machame, tunausikiliza wimbo huo kaburini kabla ya kupalilia maua. Hifadhini nakala kwenye simu mbili, maana simu hupotea.