Kabla ya kupandikiza jino, pima sukari ya miezi mitatu

Kama unadunduliza pesa za kupandikiza jino, tenga kidogo za kipimo cha HbA1c, kile cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari. Kile cha kutoboa kidole kinaonyesha sukari ya saa ile tu. Mtu anaweza kujinyima wali siku mbili akatoka na namba nzuri (wapo, tunajuana). HbA1c haidanganyiki kirahisi, maana inabeba wastani wa miezi miwili hadi mitatu.

Ile skrubu ya titani inayowekwa tayani kama mzizi wa jino haibandikwi kwa gundi. Mfupa wa taya ndio unaoota na kuishika, kazi ya miezi 3 hadi 6 hivi. Sukari ikiwa juu, mfupa hujijenga polepole, kidonda huchelewa kufunga, na fizi huvimba na kutunga usaha kwa urahisi. Madaktari wengi hupenda kuona HbA1c ya asilimia 7 au 8 kushuka chini ndipo waanze. Ukikutwa na 10, ahirisha kwanza, pengo halikimbii.

Kisukari kilichodhibitiwa hakikuzuii kupandikiza. Ila taja dawa zako zote, hasa za mifupa, hata kama uliziacha mwaka jana.