Kuishi kwa unyenyekevu na upole: pa kuanzia, na panapokwama

Wakristo wengi huomba unyenyekevu, kisha husubiri waamke siku moja wamekuwa watu wengine. Ni kweli upole ni tunda la Roho (Wagalatia 5:22-23). Lakini Paulo huyohuyo anawaambia Wakolosai "jivikeni" unyenyekevu na upole (Wakolosai 3:12), na nguo haivaliki yenyewe. Mungu hutoa, wewe unavaa, tena unavaa kila asubuhi.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Unyenyekevu ni jinsi unavyojipima mbele za Mungu na watu. Upole ni jinsi unavyotumia nguvu uliyo nayo juu ya mtu mwingine. Asiye na uwezo wa kulipiza hajajua bado kama ni mpole, huenda amenyamaza kwa woga tu. Kwa hiyo usijipime kwa unavyoongea na mchungaji wako. Jipime kwa unavyoongea na mtoto aliyemwaga maji, na mdogo wako kazini, au na yule unayemlipa mshahara.

Wala kujidharau si unyenyekevu. Ukisifiwa kwa kuimba vizuri ukaanza kueleza kwa dakika 5 kwamba wewe si kitu, bado mazungumzo yanakuhusu wewe. Sema "Asante, nimefurahi." Kama kuna aliyekufundisha, mtaje. Kisha geukia habari nyingine.

Unapojiwa kwa ukali

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na Biblia inatupa mfano ambao haufundishwi vya kutosha. Watu wa Efraimu, kabila mojawapo la Israeli, walimjia Gideoni, aliyeongoza vita dhidi ya Midiani, kwa hasira kwamba hakuwaita vitani (Waamuzi 8:1-3). Miaka mingi baadaye walimjia Yeftha, kiongozi mwingine wa Israeli, na lalamiko lilelile (Waamuzi 12:1-6). Gideoni alijibu kwa maneno machache, hasira yao ikatulia. Yeftha alijitetea kwamba aliwaita nao hawakumwokoa, kisha akakusanya jeshi, wakafa watu 42,000 wa Efraimu. Tuseme haki: mara hii Waefraimu walikuwa wametishia kumchomea nyumba, na huenda Yeftha alikuwa na hoja. Lakini kuwa na hoja na kuzima moto ni kazi mbili tofauti.

Gideoni alifanya nini? Hakubishana kama aliwaita au hakuwaita. Alitaja kazi waliyoifanya wao, ya kuwakamata Orebu na Zeebu, wakuu wa Midiani. Kisha akaiweka kazi yake chini ya yao. Na hakuwadanganya, kwa maana kweli waliwakamata. Sifa ya uongo ni hila, na mwenye hasira huinusa haraka.

Ukijiwa hivyo, fanya kwa mpangilio huu:

1. Vuta pumzi polepole mara 3 kabla ya kufungua kinywa. Yakobo 1:19 inataka tuwe wepesi wa kusikia na wazito wa kusema, na pumzi hizo ndizo zinazokupa uzito huo.
2. Mwache amalize. Usimkatize hata kama amekosea tarehe, jina au idadi.
3. Rudia lalamiko lake kwa maneno yako: "Kwa hiyo kilichokuumiza ni kwamba niliamua bila kukuuliza?" Subiri akubali au akusahihishe.
4. Taja sehemu iliyo kweli katika maneno yake, hata ikiwa ni ndogo.
5. Toa maelezo yako mwishoni, kwa sauti ya chini kuliko yake, na yawe mafupi kuliko lalamiko lenyewe.

Watu hukosea hatua ya 3 kuliko zote. Huirudia kwa kejeli: "Yaani unasema mimi ni mbaya?" Hapo umemgeuza kuwa mshtakiwa, na hasira inaanza upya.

Kama ugomvi umekuja kwa ujumbe wa simu, andika jibu lako, usilitume, lilaze hadi kesho yake. Asubuhi futa kila sentensi inayoanza na "wewe kila siku" au "wewe hujawahi". Kikibaki kidogo tu, tuma hicho kidogo.

Unapokuwa wewe ndiye mkosaji

Wafalme Sauli na Daudi wote walikemewa na nabii, na wote wawili walisema wamefanya dhambi. Tofauti ni yaliyozunguka neno hilo. Sauli kwanza aliwasukumia watu lawama ya kuwaacha hai wanyama wazuri walioagizwa kuangamizwa, na alipokiri akamwomba Samweli amheshimu mbele ya wazee (1 Samweli 15). Daudi alimwambia Nathani, "Nimemfanyia Bwana dhambi," akaishia hapo (2 Samweli 12:13).

Ombi la msamaha lililokamilika lina sehemu 4: kosa kwa jina lake, madhara yake kwa uliyemkosea, utakachorudisha au kurekebisha, na ombi lenyewe. Kwa mfano: "Nilisema siri yako mbele ya wenzetu. Nimekuaibisha, na sasa ni vigumu kuniamini. Nitawaambia waliokuwepo kwamba nilikosea. Nisamehe." Zakayo, mtoza ushuru, hakuishia kusikitika, alitaja kiwango: mara nne kwa kila aliyemdhulumu (Luka 19:8).

Maneno mawili huharibu yote. La kwanza ni "lakini", ambalo hufuta kila kilichotangulia. La pili ni "kama": "nisamehe kama nimekuudhi" humwachia aliyeumizwa kazi ya kuthibitisha kwamba ameumia. Tena usidai usamehewe papo hapo. Deni ni lako, wala si haki yako kumpangia siku.

Unapomwonya mwingine

Katika Wagalatia 6:1, kitenzi cha Kigiriki kinachohusu kumrejesha aliyekosa ndicho kinachotumika katika Marko 1:19 kwa wana wa Zebedayo walipokuwa wakitengeneza nyavu. Wavu hutengenezwa pale ulipochanika, huku sehemu nzima ikiachwa. Kwa hiyo onya kosa moja, tukio moja, mkiwa wawili peke yenu (Mathayo 18:15). Anza na boriti yako: kama una kosa la aina hiyohiyo, litaje kwanza. Usianze kuchimbua ya mwaka juzi. Na usiombe "ushauri" kwa watu 5 kabla ya kumwona mhusika, kwa kuwa hayo ni masengenyo yaliyovikwa kanzu.

Huduma isiyoonekana

Hili ni fupi. Chagua kazi moja ambayo hakuna anayeitaka, kama kuosha vyombo, kupanga viti au kufagia choo, uifanye kwa wiki 4 bila kuitaja. Angalia moyo wako siku watakaposahau kushukuru. Ukikuta umehesabu mara ulizofanya, umepata jambo la kuombea.

Upole si kukubali kuonewa

Yesu alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu aliuliza, kwa utulivu, sababu ya kupigwa (Yohana 18:23). Paulo alipochapwa bila hukumu Filipi alikataa kutolewa gerezani kwa siri, akataka mahakimu waje wenyewe (Matendo 16:37). Anayepigwa nyumbani au kunyanyaswa hatendi dhambi akitafuta usalama na kushtaki. Anayemnukulia mistari ya upole ili anyamaze anaitumia Biblia vibaya.

Kwa nini hata wapole huanguka

Hesabu 12:3 inamwita Musa mpole kuliko wanadamu wote. Katika sura ya 20, huyohuyo anawaita watu "waasi" na kuupiga mwamba mara mbili badala ya kunena nao utoe maji, kama alivyoagizwa. Soma mstari wa kwanza wa sura hiyo: Miriamu, dada yake, amekufa na kuzikwa palepale. Maandiko hayasemi kwamba msiba ndio uliomkasirisha, wala Mungu hakulipuuza kosa. Lakini asiyeona jinsi huzuni, njaa na uchovu vinavyolegeza ulimi hajajichunguza.

Kwa hiyo, kwa siku 7, andika kila unapofoka: saa ngapi, na nani, ulikula lini mara ya mwisho, ulilala saa ngapi. Kwa kawaida utaona saa moja au mbili zinazojirudia. Usipange mazungumzo mazito katika saa hizo. Waambie wa nyumbani waziwazi: "Nikifika nyumbani nipeni dakika 20 kwanza." Na ukifoka hata hivyo, rudi kabla ya kulala (Waefeso 4:26) na zile sehemu 4 za kuomba msamaha, hata kama uliyemkosea ana miaka 6.