Suuza kwanza, ndipo ufute saa yako

Wenye saa za thamani zinazong'aa, hasa nyie wa Kigoma mnaoshuka ufukweni Kibirizi mara kwa mara: ile mikwaruzo myembamba kama nywele mara nyingi haiji kwa kugonga, inakuja kwa kufuta. Mchanga na vumbi vina chembe za kwatzi, madini magumu ambayo kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs (1 hadi 10, 10 ndiyo ngumu kuliko zote) ni 7. Dhahabu safi haizidi 3, na chuma cha pua nacho hakisalimiki. Ukisugua kwa pindo la shati unazikokota chembe hizo juu ya saa.

Kama saa inahimili maji na kitufe cha pembeni kimefungwa vizuri, isuuze kwa maji safi yenye sabuni kidogo, kisha ikaushe kwa kitambaa laini, kwa kugusagusa tu. Mkanda wa ngozi uvue kwanza. Kioo cha yakuti samawi kina ugumu wa 9, hicho kisikusumbue.

Tafadhali, usikimbilie kung'arishiwa na fundi. Kila mara mashine inaondoa chuma kidogo, kingo zinalika, na thamani ya kuuza inashuka. Mikwaruzo midogo iache ilivyo.