Kufufua pawasoo ya zamani kwenye hewa ya chumvi ya Mombasa

Usivute kamba. Pawasoo iliyolala miaka bandani Likoni au Kisauni inaweza kuwa na kutu kwenye ringi, mchanga ndani ya silinda, na oili sili (mipira inayoziba krenkshafti isivujishe hewa) zilizokauka zikawa ngumu kama ganda la korosho. Pengine itawaka, tena kwa mlio mtamu, lakini sili zikiwa zimepasuka injini inavuta hewa isiyopitia kwenye kabureta. Hewa ikizidi petroli, joto hupanda, pistoni hutanuka na kukwaruza silinda. Mashine nyingi za zamani zinazotupwa hazikufa kwa uzee. Ziliuawa siku zilipowashwa kwa pupa. Kwa hiyo kazi yote hapa chini inakwenda kwa mpangilio mmoja: kagua, safisha, pima uvujaji, kisha ndipo moto.

Ya kuchagua

Kwa anayeanza, tafuta Stihl 070. Ina sentimita za ujazo 106, silinda ya kipenyo cha milimita 58, na bado inapasua mbao kila mahali, ndiyo maana vipuri vyake havijaadimika. Dada yake mkubwa, 090, ana ujazo wa 137. Mama yao ni Contra ya mwaka 1959, ambayo ndiyo mkusanyaji angependa kuitundika ukutani. Mashine za Marekani kama Homelite na McCulloch zina sura nzuri kuliko zote, lakini ukikosa diaframu au koili yake utakaa nayo kama pambo, basi usianze nazo.

Tatizo la 070 ni nakala. Zimejaa sokoni, na mara nyingi huuzwa zikiwa zimepakwa tope ili zionekane kongwe. Tazama namba zilizoinuka kwenye chuma chenyewe, ndani ya vifuniko: vipuri vya Stihl vya familia ya 070 na 090 huanza na 1106, vya 08 huanza na 1108, vya 041 na 1110, vya 051 na 1111. Kifuniko cha nje kinaweza kubadilishwa, kwa hiyo usitosheke na namba moja.

Kabla ya kutoa pesa, fungua plagi na sailensa, umulike kwa tochi ya simu kupitia tundu la moshi. Pistoni yenye mistari iliyosimama imewahi kunasa, bei ishuke. Pistoni laini yenye rangi ya kahawia ni habari njema. Zungusha flaiwili kwa mkono, kisha ijaribu kuitikisa juu na chini: ikicheza, beringi za krenkshafti zimekwisha, na hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko zote. Ukinunua kwa muuza vyuma chakavu, dai risiti. Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inamtaka awe na leseni, na pawasoo ni kitu kinachoibwa mno.

Chumvi na magneziamu

Mwili wa pawasoo nyingi za zamani ni magneziamu, si alumini. Ni nyepesi, lakini haipatani na bahari. Penye skrubu ya chuma iliyokaa ndani ya magneziamu, unyevu wa chumvi hugeuza mahali pale kuwa betri ndogo, na kinacholiwa ni magneziamu. Utaona unga mweupe ukifura chini ya rangi. Ukiukwangua ukakuta shimo linaloingia ndani ya nyumba ya krenki, rudisha mashine kwa mwenyewe.

Osha kwa mafuta ya taa na brashi ya nailoni. Maji ya kisima cha kisiwani yaache kabisa, mengi yana chumvi. Suuza kwa maji ya mvua, ukaushe kwa upepo wa kompresa siku hiyo hiyo. Usitumie siki, ndimu wala asidi ya betri, kwa sababu magneziamu huyeyuka ndani ya asidi ukiwa unatazama. Ukipiga msasa, kusanya vumbi lake na usiliache karibu na mashine ya kuchomelea. Likishika moto usilimwagie maji, moto utazidi; funika kwa mchanga mkavu, ambao ni vizuri uwe na ndoo yake kando ya meza. Sehemu uliyoifikisha kwenye chuma king'aacho ipake praima ya epoksi kabla ya jioni. Ikilala uchi usiku mmoja wa kusi, kesho unaanza upya.

Skrubu zilizokwama zinataka subira kuliko nguvu. Changanya asetoni na mafuta ya giaboksi ya otomatiki nusu kwa nusu, dondoshea, subiri hadi kesho, kisha pasha moto mwili kwa mashine ya hewa moto, si kwa mwali wa gesi. Tumia bisibisi ya kugonga kwa nyundo. Ikivunjika ndani, mpelekee fundi wa lethi aitoboe katikati na kuweka helikoili, yaani koili ya chuma yenye uzi mpya. Uzi mpya wa aina hiyo ni imara kuliko wa mwanzo. Wakati wa kurudisha, paka skrubu grisi ya kawaida ya lithiamu. Ile grisi ya shaba ambayo mafundi wa magari wanaipenda haifai hapa, shaba huharakisha ulaji wa magneziamu.

Silinda

Mistari mingi unayoiona ndani ya silinda si mikwaruzo. Ni alumini ya pistoni iliyojipaka juu ya kromu, utando mgumu unaofunika ukuta wa ndani wa silinda. Mapishi yanayosambaa mitandaoni yanasema tumia asidi ya hidrokloriki, na hapo ndipo silinda nyingi zinaharibika, kwa sababu asidi hiyo hula kromu pia. Silinda ya kromu inataka kostiki soda, ile ile wanayonunua watengeneza sabuni ya maji. Magadi ya kupikia maharagwe ni kitu kingine, hayafanyi kazi hii. Vaa glavu na miwani, tumbukiza kostiki kwenye maji (kamwe usimwage maji juu ya kostiki), chovya kijiti cha pamba, ugusie alumini iliyojipaka tu. Itatoa povu. Futa, rudia, na uache povu linapokoma. Usiiache iguse kingo za matundu wala mapezi ya nje, hayo ni alumini matupu na yataliwa. Suuza sana, kausha, paka oili.

Kucha ikipita bila kukwama, silinda imepona. Kama kromu imebanduka na kuonyesha alumini, haichongwi ikafaa tena, inabadilishwa.

Ingiza ringi peke yake ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, upime mwanya wa ncha zake kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Ukizidi milimita 1, nunua ringi mpya. Saklipu za pini ya pistoni zisitumike mara ya pili hata zikionekana nzima. Ni vitu vya bei ndogo, na ikichomoka moja silinda imekwenda.

Kupima uvujaji

Hatua hii ndiyo wengi huiruka. Badilisha oili sili zote mbili bila kujiuliza, na gasketi ya chini ya silinda. Kisha ziba tundu la moshi na la kabureta kwa vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyobanwa na bolti, uingize hewa kwa pampu ya mkono yenye geji kupitia tundu la plagi, hadi baa 0.5. Ikae hapo sekunde 20 bila kushuka. Ikishuka, paka povu la sabuni kwenye sili na maungio utafute vipovu. Halafu geuza: nyonya hewa hadi baa 0.5 kwa pampu ya kutolea hewa kwenye breki. Usitosheke na jaribio la kwanza peke yake, kwa sababu mdomo wa sili unaweza kufunga ukisukumwa na kufunguka ukinyonywa, na injini ikifanya kazi hufanya yote mawili.

Moto na petroli

070 za zamani zina pointi, vile vigusio viwili vya kuleta cheche, chini ya flaiwili. Zisugue kwa karatasi laini ya msasa, zifute kwa petroli mpaka kitambaa kitoke kisafi, kisha weka mwanya wa milimita 0.35 hadi 0.4. Mwanya wa plagi ni 0.5. Kama cheche ni ya njano na dhaifu, au inapotea injini ikipata joto, shuku kondensa kabla ya koili. Ukijaribu cheche, weka plagi mbali na tundu lake, la sivyo mvuke wa petroli utawaka usoni.

Kabureta ifungue yote. Diaframu ikitoa mlio wa karatasi ukiikunja, imekufa. Nunua kiti nzima. Matundu yapulizwe kwa hewa, yasichokolewe kwa waya. Kwenye kabureta ya Tillotson HL, kijiko kinachoendesha sindano kikae sawasawa na sakafu ya chumba chake: kikiwa chini injini inakosa petroli, kikiwa juu inafurika. Anza na skrubu zote mbili za petroli, L ya mwendo wa chini na H ya mwendo wa juu, zikiwa zimefunguliwa mzunguko mmoja kamili kutoka pale zinapofunga kwa wepesi.

Kuhusu oili, Mombasa ina mtego wake. Maduka mengi yanauza oili ya tu-stroki ya injini za mashua, iliyoandikwa TC-W3. Imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji. Pawasoo hupozwa na upepo na huchemka zaidi, basi tafuta iliyoandikwa JASO FD. Hata ukiwa na oili nzuri, mashine ya beringi kongwe ipe 1 kwa 25, yaani mililita 40 kwa lita moja ya petroli, mililita 200 kwa lita 5. Ukishaiamini unaweza kupunguza, lakini moshi kidogo si hasara. Changanya ya kutumia mwezi mmoja tu.

Iwashe ikiwa chini kwenye ardhi tupu, mguu umekanyaga mshikio wa nyuma, upanga (bamba linalobeba cheni) haugusi kitu. Iache ipate moto, kisha rekebisha skrubu ya L mpaka iitike ukibonyeza bila kusita, halafu mwendo wa chini mpaka cheni isimame. Skrubu ya H ifunguliwe kiasi kwamba ikikimbia bila mzigo sauti ikatikekatike kidogo, kisha ikae safi ikiingia kwenye gogo. Sauti ikiwa laini na kali bila mzigo, petroli ni kidogo. Fungua mara moja. Sikio likikosea upande wa moshi hakuna kilichoharibika.

Cheni

Usinunue kwa kukisia. Pima umbali wa ribiti tatu zinazofuatana ugawe kwa mbili. 070 kwa kawaida hubeba cheni ya inchi 0.404, yenye miguu ya unene wa milimita 1.6, na tupa yake ni ya milimita 5.5. Cheni ya 3/8 inataka 5.2. Kukata kwa kukingama, noa kwa nyuzi 30. Kupasua mbao kwa urefu, nyuzi 10, na punguza vidhibiti kina, vile vinundu vilivyo mbele ya kila jino, hadi milimita 0.8 chini ya ncha ya jino.

Mnazi hula meno kuliko mwembe. Nje ni mgumu na una chembe ngumu za silika, kwa hiyo noa kila unapojaza tangi. Oili chafu ya gari kwenye upanga ni akiba ya uongo: ina vumbi la chuma linalosaga pampu, na inakurukia mwilini siku nzima.

Kumbuka nyingi za mashine hizi hazina breki ya cheni wala mpira wa kupunguza mtetemo, na 070 ina kilo zaidi ya 10 kabla ya upanga. Kofia, kinga ya masikio, suruali ya kinga na buti. Ncha ya juu ya upanga isiguse mti, ndiko inakorukia usoni. Usifanye nayo kazi mfululizo mpaka vidole vife ganzi. Kabla ya kuangusha mti wowote, na kabla ya kupakia mbao kwenye gari, uliza vibali kwa Huduma ya Misitu Kenya, KFS. Mikoko usiiguse.

Ukiihifadhi

Mwaga petroli, iwashe mpaka ijizime, ondoa plagi, tia mililita 5 za oili ya tu-stroki ndani ya silinda na uvute mara mbili. Funga kwa kitambaa chenye oili. Mfuko wa plastiki hukusanya jasho na kuleta kutu. Mwisho rudisha plagi, vuta kamba polepole mpaka usikie imekaza, uiache hapo: pistoni imeziba tundu la moshi, na chumvi haipati njia ya kuingilia.