Tovuti ndogo ya gemu za mkononi, kwa akili ya Game Boy

Kabla hujafungua kompyuta, amua tovuti yako haitagusa nini. Yangu haigusi PlayStation, haigusi gemu za simu, na kifaa chochote kilichotoka baada ya Game Boy Advance, gemu ya mkononi ya Nintendo ya mwaka 2001, hakina nafasi. Wapo wanaonung'unika kuhusu DS, kifaa cha Nintendo kilichofuata. DS imeuzwa zaidi ya milioni 150, ina wa kuisemea. Anayetaka kuandika "magemu" yote huandika kurasa mbili tatu akachoka. Anayechagua gemu za mafumbo za Game Boy Color peke yake anayo kazi ya miaka, na msomaji akifika anajua amefuata nini.

Ukiishiwa mada kabisa, anza na Brick Game. Kwa wengi wetu huku Dar, gemu ya mkononi ya kwanza haikuwa ya Nintendo, ilikuwa kile kidude cha kupanga matofali kilichoandikwa "9999 in 1" usoni, na ndani mna gemu chache tu zilizorudiwarudiwa kwa kasi na ngazi tofauti. Kila nyumba ilikuwa nacho, na kwa Kiswahili karibu hakuna aliyekaa akakielezea vizuri.

Sasa ujenzi. Hapa mimi ni mfuasi wa Gunpei Yokoi, mhandisi wa Nintendo aliyeongoza kazi ya Game Boy. Msimamo wake ulikuwa kuchukua teknolojia iliyokwisha kuzoeleka na kushuka bei, kisha kuitafutia matumizi mapya. Ndiyo maana Game Boy ya 1989 ilitoka na skrini isiyo na taa wala rangi, vivuli vinne basi, lakini betri nne za AA zilikupeleka zaidi ya saa kumi. Game Gear ya Sega ilikuja mwaka uliofuata na taa na rangi zake, ikala betri sita kwa saa chache. Unajua nani alishinda.

Kwa tovuti, teknolojia hiyo iliyozoeleka ni HTML tupu, lugha ya msingi ya kuandikia kurasa. Programu ya kuandikia maandishi iliyo kwenye kompyuta yoyote inatosha, hata Notepad, na kwenye simu pia zipo. Kila gemu iwe na faili lake, majina yote kwa herufi ndogo bila nafasi katikati: tetris.html, metroid2.html. Seva nyingi huona Tetris.html na tetris.html kuwa vitu viwili, na hapo ndipo viungo vinapokufa. Juu ya ukurasa tamka kwamba lugha ni "sw", yaani Kiswahili, na usiache mstari wa viewport, unaoiambia simu ilinganishe ukurasa na upana wa skrini yake, la sivyo msomaji wa simu ataona herufi za ukubwa wa sisimizi. Usiweke hifadhidata, wala zile templeti za kupakua zenye picha zinazoteleza. Vitu hivyo vinataka kusasishwa kila mara, na siku ukikosa muda ndiyo siku vinapoharibika.

Lililo gumu ni cha kuandika. Tovuti nyingi za gemu hurudia yaliyo mgongoni mwa boksi: hadithi, wahusika, alama nane kwa kumi. Andika kile anachokijua mtu aliyeishika kaseti yenyewe. Mimi kila ukurasa huanza na swali moja: gemu hii inahifadhije ulipofikia? Super Mario Land haihifadhi chochote, ukizima umeanza upya. Tetris ya Game Boy husahau hata alama zako za juu. Mega Man hukupa neno la siri uandike kwenye daftari. Link's Awakening ya 1993 ina betri ndani ya kaseti.

Betri hiyo ndiyo inayoleta wasomaji, kwa sababu kaseti hizi zimezeeka. Pokémon Gold na Silver hutumia betri bapa ya CR2025, na betri moja hiyohiyo huendesha saa ya gemu na kushikilia kumbukumbu. Ikiisha, safari yako yote imekwenda. Pokémon Ruby na Sapphire za Advance zina CR1616 ambayo kazi yake ni saa tu. Ulipofikia pamehifadhiwa kwenye chipu isiyohitaji umeme. Basi muuzaji akikupunguzia bei ya Ruby kwa kuwa inaandika kwamba betri ya ndani imeisha, nunua na ufurahi: utakachokosa ni mambo ya saa, kama matunda kukua. Eleza pia kwamba betri hizi zimeshikizwa kwa vibati vilivyochomelewa, kwamba kaseti za Game Boy hufunguliwa kwa bisibisi maalumu ya milimita 3.8, na kwamba ukiing'oa ya Gold bila kunakili kumbukumbu kwanza umeifuta mwenyewe.

Ukurasa mwingine unaojilipa ni wa kutambua kaseti bandia za Advance. Chungulia kwenye mdomo wa kaseti, juu ya meno: kwenye halisi utaliona jina la Nintendo kwenye bodi. Kisha pindisha lebo kwenye mwanga utafute tarakimu zilizobonyezwa kwenye karatasi. Piga picha ya halisi na bandia zikiwa pamoja, maneno peke yake hayatoshi.

Tukifika kwenye picha: skrini ya Game Boy ina nukta 160 kwa 144, na vivuli vinne ni biti mbili kwa kila nukta. Jumla baiti 5,760. Picha moja ya simu ya leo huzidi hapo mara mia kadhaa, na bando la msomaji ni pesa yake. Picha za skrini hifadhi kwa PNG, kwani JPEG hupaka ukungu kwenye kingo. Ukitaka zionekane kubwa, acha faili lilivyo, kuza kwa mara mbili au tatu kamili, na kwenye CSS, maelekezo ya mwonekano wa ukurasa, andika image-rendering: pixelated. Za vifaa na kaseti ziwe JPEG, upana nukta 800, yatosha. Skrini ya Game Boy ya kwanza ipige nje mchana, kivulini pembeni ya jua, simu ikiwa imeinama kidogo ili usijipige uso wako.

Pa kuweka: Neocities ipo tangu 2013 na hutoa nafasi bure, gigabaiti moja, ambayo kwa kurasa za namna hii hutaijaza. Lakini asili ibaki kwako, kwenye kompyuta na kwenye flashi. GeoCities, huduma ya zamani ya namna hiyo, ilibeba tovuti za watu binafsi kwa mamilioni, na ilipofungwa Marekani mwaka 2009 waliokuwa na nakala waliweza kuhamia kwingine.

Kuhusu ROM, yaani nakala za gemu za kupakua, utaombwa, tena kwa upole: "kaka, weka basi link ya Pokémon." Usiweke. Mwaka 2018 Nintendo iliwashtaki wenye LoveROMS na LoveRETRO, tovuti zilizogawa nakala hizo, na ikaishia kwa hukumu ya zaidi ya dola milioni 12. Wapatie kitu kingine. GB Studio ni programu ya bure ya kutengeneza gemu za Game Boy bila kuandika msimbo, na hukutolea toleo linalochezeka ndani ya kivinjari. Tengeneza gemu fupi, hata ya vyumba vitatu vya mtaani kwenu na mazungumzo ya Kiswahili, uipandishe kama ukurasa mwingine wowote. Vitufe viwe vikubwa kiasi cha kidole gumba, wengi watacheza kwa simu.