Mayai ya kahawia iliyokoza: angalia wazazi, usichague ganda

Wafugaji wa Nyamagana, Ilemela na Magu wananiuliza sana swali hili: ni kuku gani anataga yai la kahawia iliyokoza, lile ambalo mteja akiliona anasema "hili la kienyeji" na hagombani na bei? Swali ni zuri. Kinachowaumiza ni wanachofanya baada ya kuuliza. Mtu anakwenda dukani, anachambua trei, anatoa mayai meusi kuliko mengine, anayapeleka kwenye mashine ya kutotolesha na kulipia kila yai. Siku 21 zinaisha, hatoki hata kifaranga mmoja, kisha analaumiwa mwenye mashine.

Ndugu mfugaji, mayai mengi ya trei yanatoka kwenye mabanda ya kuku wa mayai ambako hakuna jogoo. Mtetea hutaga bila jogoo, lakini yai hilo halina mbegu, na hakuna mashine inayoweza kuipachika.

Kuna wanaolijua hilo na bado wanaingia hasara, tena kubwa zaidi. Wananunua kuku wa mayai aina ya Isa Brown au Lohmann Brown waliochoka kutaga, wanawawekea jogoo yeyote wa mtaani na kuangua. Vifaranga wanatoka, furaha inajaa nyumbani, chakula kinanunuliwa miezi mitano, sita. Ndipo mambo yanajitokeza: mmoja anataga vizuri, mwingine anaatamia kila mara, mwingine anataga yai la rangi ya krimu. Kuku hao ni chotara waliotengenezwa kwa kupandisha koo nne zilizochaguliwa kwa miaka mingi, na ubora wao hauendi kwa watoto wao. Hata alama ya kutenganisha jinsia, jike kahawia na dume mweupe anapoanguliwa, inapotea. Kuroiler na Sasso nao ni chotara. Ukiwataka, nunua vifaranga wapya kila awamu kutoka kwa kampuni inayowazalisha.

Sasa rangi. Ganda hujengwa likiwa jeupe, na kahawia hupakwa zaidi katika saa chache za mwisho kabla yai halijatagwa. Kuku anavyozeeka yai linakua, lakini rangi haiongezeki kwa kiasi hicho, kwa hiyo inatandazwa kwenye eneo kubwa zaidi na kupauka. Maana yake ni kwamba lile yai jeusi ulilolichambua kwa makini mara nyingi ni la mtetea aliyeanza kutaga juzi. Ni dogo, na hata likiwa na mbegu litakupa kifaranga mdogo, dhaifu. Umechagua baya kuliko yote kwenye trei! Yai la kuangua liwe na gramu 50 hadi 65, na mama yake awe ametimiza wiki 28 au zaidi. Tumia mizani ya jikoni, usikadirie kwa kiganja.

Kama biashara yako ni trei, chukua Isa Brown au Lohmann Brown, uza mayai, usiangue. Kama unataka kujizalishia vifaranga, shika kuku safi wa aina moja. Tulio nao ni hawa tunaowaita kuku wa Malawi, yaani Black Australorp, na Rhode Island Red. Yai la Malawi ni kahawia hafifu, la Rhode Island limekolea kidogo zaidi. Rangi ya chokoleti mnayoiona kwenye simu ni ya Marans wa Ufaransa. Welsummer na Barnevelder wa Uholanzi wanamkaribia. Wanataga machache kuliko chotara wa mayai, na Marans hutaga meusi zaidi mwanzoni mwa msimu wake. Akikuuzia mtu "Marans" hapa Mwanza, mwambie akuonyeshe mayai ya mama yake jogoo. Jogoo hatagi, lakini nusu ya rangi ya mayai ya binti zake inatoka kwake, na hapo ndipo wengi wanapopigwa.

Ukishapata wazazi, fuata vipimo hivi bila kupunguza. Jogoo 1 kwa mitetea 8 hadi 10. Ukibadilisha jogoo, subiri wiki 3 kamili kabla ya kukusanya mayai ya kuangua, kwa sababu mtetea huhifadhi mbegu za jogoo wa zamani mwilini. Wiki moja haitoshi. Nimelisema hili mikutanoni na bado watu wanaleta vifaranga vya jogoo waliyemchinja. Mayai yasikae zaidi ya siku 7, na kwa joto letu la kandokando ya ziwa, kama chumba kinapita nyuzi 24, yasizidi siku 3 au 4. Yakisafirishwa kwa bodaboda, tuseme kutoka Sengerema, yaache yatulie saa 12 hadi 24, ncha nyembamba ikiwa chini, ndipo yaingie kwenye mashine. Usiyaoshe wala kuyasugua: rangi iliyokoza iko juu juu, inatoka pamoja na utando unaozuia vijidudu.

Mashine yenye feni iwe nyuzi 37.5. Yai jeupe unaweza kulimulika siku ya 7, lakini hili jeusi usilihukumu siku hiyo. Mwanga haupenyi vizuri, na watu wanatupa mayai yenye vifaranga hai. Subiri siku ya 10, chumba kiwe giza totoro, tochi iwe kali na iguse upande butu. Siku ya 18 acha kuyageuza.

Vifaranga wakitoka kwa pamoja siku ya 21, wachangamfu, uko sawa.

La mwisho ni chakula cha wazazi. Msiwape cha broila kwa sababu kimebaki. Baadhi yake kina nikarbazini, dawa ya kuzuia koksidia (vimelea vya utumbo), ambayo hupausha maganda ndani ya siku moja au mbili na kupunguza uanguaji. Kama hujabadilisha chakula na mayai ya banda zima yamepauka ghafla, usitafute jogoo mwingine. Ita daktari wa mifugo siku hiyohiyo, maana kideri na ugonjwa wa njia ya hewa uitwao "infectious bronchitis" huweza kuanza hivyo pia.