Magimbi kwenye ndoo: toboa ubavuni, usitoboe kitakoni

Wengi wanaootesha mgimbi kwenye ndoo huutunza kama pilipili. Wanatoboa kitako, wanamwagilia asubuhi, kisha wanangoja udongo ukauke ndipo warudie. Majani yanatoka madogo, kingo zinakauka, na lawama inaangukia mbegu. Mgimbi ni mmea wa bondeni na kandokando ya mifereji. Vikonyo na mizizi yake vina vinjia vya hewa ndani, ndiyo maana unastawi kwenye tope ambamo muhogo ungeoza. Jani lake pana linapoteza maji mengi mchana, na ndoo ya lita 20 ina udongo mchache wa kuyahifadhi. Mgimbi ulioko barazani kwako unateseka kwa kiu.

Kwa hiyo pasha msumari moto, utoboe matundu matatu au manne ubavuni, vidole vinne hivi juu ya kitako. Maji yatakayobaki chini ya matundu ndiyo akiba ya mizizi, na ya ziada yatatoka yenyewe. Mwagilia kila siku, na wakati wa jua kali mara mbili. Ila maji yasituame juu ya udongo, na usiweke sahani chini ya ndoo. Mbu anayeeneza dengi hutaga kwenye vyombo vya namna hiyo majumbani, na katika joto la pwani yai linaweza kuwa mbu kamili ndani ya wiki moja au mbili. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena 2019, kwa hiyo jambo hili nalisisitiza. Funika udongo kwa majani makavu.

Ukitaka gimbi la kujaza sufuria, ndoo haitoshi. Tafuta nusu ya pipa la lita 200. Ndoo itakupa zaidi majani ya mboga na kivuli kizuri cha kijani.

Sokoni angalia kwanza kikonyo. Kikishika jani upande wa chini, ndani kidogo ya ukingo, huo ndio mgimbi wa majini. Kikishika pale kwenye pengo la ukingo wenyewe, ni jamii nyingine ambayo pia huitwa gimbi, nayo haivumilii kusimama majini. Hiyo itobolee kitakoni. Mimea ya mapambo inayofanana na magimbi isiingie jikoni kabisa.

Mbegu iliyo bora ni kichwa cha gimbi lililovunwa: kipande chembamba cha gimbi pamoja na vikonyo vya urefu wa shubiri moja hivi, majani yamekatwa. Kiache kivulini siku moja kidonda kikauke, kisha panda.

Changanya madebe mawili ya udongo na debe moja la samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi. Kwa kuwa unamwagilia sana, chakula kinaoshwa haraka, hivyo ongeza samadi kidogo juu kila mwezi. Majani yakishakuwa makubwa, nyunyiza konzi ya majivu ya kuni, maana yana potasiamu inayosaidia gimbi kujaa. Ng'oa machipukizi, ubakize moja au mawili.

Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo pwani tunayo mengi, huunguza kingo za majani. Mvua ikinyesha, toa ndoo nje ili chumvi ya kwenye udongo ioshwe. Utitiri na vidung'ata hujificha chini ya jani hasa wakati wa kiangazi. Futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni.

Majani chuma moja moja, yabaki manne au zaidi. Gimbi huchukua kati ya miezi sita na kumi na miwili. Majani mapya yakianza kutoka madogo na ya zamani kugeuka manjano, chimba. Paka mafuta mikononi kabla ya kumenya, kwa sababu mmea mzima una chembe kali kama sindano zinazowasha. Pika gimbi na majani hadi yalainike kabisa, hasa ya kuungwa kwa tui, maana yaliyoiva nusu hukwaruza koo. Kichwa ulichokata kirudishe kwenye ndoo baada ya kubadilisha nusu ya udongo.